Djipe ndogo ya jamaa: tuhesabu mbele ya kununua



Katika mji wetu wa Lubumbashi kuko neno moja linaloingia karibu kila nyumba: "Sisi pia tununue motokari." Mama analisema wakati wa mvua, akirudi sokoni na mizigo kichwani na matope mpaka magotini. Watoto wanalisema wakitoka masomo. Baba ananyamaza, lakini usiku anahesabu moyoni.

Na wengi hawataki tena motokari ya chini. Wanaona namna IST na Vitz zinavyogusa tumbo chini katika njia za Ruashi, za Katuba ao za Kalebuka mwezi wa kwanza, mvua ikiisha kukata barabara. Wanataka djipe ndogo: RAV4, CR-V, X-Trail, Escudo. Iko juu kidogo, inabeba watu watano na mifuko ya unga, na inaweza kwenda Likasi ao Kolwezi kuona wazee bila kuomba tiketi ya bisi.

Si neno baya. Lakini ndugu msomaji, katika kazi ya uchungaji nimeketi na jamaa nyingi ambao furaha yao ilidumu miezi mitatu tu. Kisha motokari ililala chini ya muembe, mapine yakaisha pumzi, na kuku wakaanza kutaga ndani. Feza ilikuwa imekwisha. Mbaya zaidi, bwana na bibi hawakusemezana tena vizuri. Kwa hiyo tuongee leo bila haya juu ya kununua motokari ambayo watu wengine wamekwisha kuitumia, kwa mfuko mdogo.

FEZA INAYOKUJA MARA MOJA

Kwanza jiulize: hii feza imetoka wapi? Sisi watu wa migodi tunajua feza ya namna mbili. Kuko mshahara, unaorudi kila mwezi. Na kuko feza inayokuja mara moja tu: dekonti ya mwisho, ao zamu yako katika likelemba, ao kiwanja cha baba kilichouzwa.

Tukumbuke mambo ya mwaka 2003 na 2004. Watumishi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walitoka kazini katika mpango wa kuondoka kwa hiari uliolipwa na Banki ya Dunia. Kila mmoja alipokea feza mara moja kwa miaka yote ya kazi. Wengine walijenga, wengine walifanya biashara, wengine walinunua motokari ya kutia kwa taksi. Motokari nyingi za namna ile zilikufa mbele ya watoto kumaliza masomo. Hawakuwa wajinga, walikuwa watu waliojua kazi yao vizuri sana. Lakini walinunua kwa feza isiyorudi kitu ambacho kinaomba chakula kila siku.

Basi hii ndiyo kanuni ya kwanza: motokari inunuliwe na akiba, lakini ilishwe na mshahara. Kama hauna kitu kinachoingia kila mwezi, hapana kuinunua, hata kama bei ni ndogo namna gani. Na hapana hata kidogo kukopa ile feza ya mtaani tunayoita "banki lamberi". Mkopo ule utakula motokari, kisha utarudi kula nyumba.

BEI YA PARKI SI BEI YA MOTOKARI

Ukifika kwenye parki ya motokari za kuuza, utaambiwa bei moja. Ile ni mlango tu. Nyuma ya mlango kuko vyumba vingi.

Gawa feza yako yote katika sehemu 100. Sehemu 70 ni za kununua. Sehemu 10 ni za karatasi: plaki, karte roze, asuransi, vinyeti. Sehemu 20 zikae nyumbani, zisiguswe, kwa kazi ya garaji ya miezi ya kwanza. Tuseme una dola 6,000 zote pamoja. Basi unatafuta motokari ya dola 4,200, si ya dola 6,000. Mtu anayetoa zote siku ya kwanza anarudi nyumbani na djipe, lakini hana mafuta ya moteri ya kubadilisha.

Sasa tuhesabu esansi. Tuseme unaendesha kilometa 30 kwa siku, siku 26 katika mwezi. Ni kilometa 780. Djipe ndogo ya moteri ya litre 2 inaweza kunywa litre 11 hivi kwa kilometa 100 ndani ya mji, kwa kusimama na kuondoka. Ni litre 86 kwa mwezi. Motokari ya chini inayokunywa litre 7 itaomba litre 55. Tofauti ni litre 31 kila mwezi. Zidisha kwa bei ya pompi leo, kisha zidisha mara 12. Ile hesabu uiweke mezani mbele ya bibi na watoto wakubwa. Pengine mtaona kwamba djipe inafaa kwenu, juu ya njia yenu ni mbaya na ninyi ni wengi. Pengine mtaona kwamba ni masomo ya mtoto mmoja ndiyo yatakayochomwa barabarani.

SABABU GANI VOLAN IKO KUUME?

Motokari nyingi za bei ndogo hapa kwetu zinatoka Japani. Kule motokari mpya inapita kontroli ya serkali nyuma ya miaka 3, kisha kila miaka 2. Kontroli ile inaomba feza, na mwenye motokari ya zamani anaona ni afadhali kuiuza. Ndiyo maana inaweza kuwa ya zamani lakini bado nzuri.

Inashuka kutoka meli pale Dar es Salaam. Kiisha inapanda kilometa zaidi ya 900 mpaka Tunduma, inaingia Zambia, inapita Kapiri Mposhi na Chingola, mpaka Kasumbalesa. Toka pale kuko kilometa 90 hivi kufika kwetu. Tanzania na Zambia wanapita upande wa kushoto sawa Japani. Sisi tunapita kuume tangu siku za Wabelgiji. Kwa hiyo shofere wa volan ya kuume hapa kwetu anakaa upande wa majani, mbali na katikati ya barabara.

Hii si neno dogo. Ukiwa nyuma ya kamio ya shaba katika njia ya Likasi, hauwezi kuona mbele mpaka umetoa motokari karibu nzima. Hapana kupita kwa kutumainia mtu aliyeketi kushoto akisema "pita, hakuna mtu." Subiri. Tena mataa ya Japani yamefanywa kumulika zaidi upande wa kushoto, ukingo wa barabara yao. Hapa kwetu upande ule ndipo motokari nyingine inatokea, na mataa yako yanampiga mwenzako katika macho. Fundi ayashushe, na kama mataa ya upande wetu yanapatikana, yabadilishwe. Tena mlango wa nyuma wa RAV4 za zamani umeshikwa upande wa kuume. Ukiufungua, unasimama upande wa barabara. Watoto wasitoe mizigo peke yao pale.

Kuko watu watakaokuambia, "Papa, tutageuza volan, siku mbili tu, inaisha." Angalia sana. Kugeuza volan ni kugusa usukani, pedali ya freni na nyaya zote za mbele. Kazi ile ikifanywa vibaya, freni inaweza kukukataa mahali pa mteremko. Kama unataka volan ya kushoto, tafuta motokari iliyozaliwa na volan ya kushoto, hata kama ni ya bei zaidi kidogo.

Na kama unataka kuagiza mwenyewe toka Japani ao Dubai, mbele ya kutuma hata dola moja, nenda uulize DGDA, ndiyo duane yetu, kanuni ya siku ile: miaka ya motokari inayokubaliwa, upande wa volan, na feza yote ya kulipa. Hapana kuuliza komisyoneri peke yake, sababu yeye anakula kwa kuuza.

NI DJIPE GANI?

Hakuna djipe isiyokufa. Kila moja iko na ugonjwa wake.

RAV4. Ya kwanza ilitoka mwaka 1994, ya pili mwaka 2000. Inapendwa sana, na kwa hiyo piesi zake hazikosi na utaiuza tena bila shida. Ya kwanza inatumia mkanda wa moteri unaobadilishwa karibu kila kilometa 100,000. Katika ya pili, angalia kama juu ya moteri kumeandikwa "D-4". Moteri ile inaingiza esansi kwa nguvu nyingi sana moja kwa moja ndani ya silinda. Inataka esansi safi. Ukiipa esansi ya bidon ya kando ya njia, pompi na injekteri zinaumia, na piesi zile si za bei ndogo.

Honda CR-V. Ilianza mwaka 1995. Ni pana, inafaa jamaa kubwa. Miguu ya nyuma inasaidia paka wakati miguu ya mbele inateleza. Mafuta ya difa ya nyuma ni ya namna yake. Fundi akiweka mafuta ya namna nyingine, itaanza kulia wakati wa kukata kona.

Nissan X-Trail. Ilianza mwaka 2000. Nafasi ni nyingi, na bei mara nyingi iko chini. Moteri yake inatumia mnyororo, si mkanda. Lakini uangalie kama inakunywa mafuta ya moteri, na kama inazimika ovyo ikiwa moto, sababu ya kapteri za moteri.

Suzuki Escudo. Ilianza mwaka 1988. Inchi nyingine wanaiita Vitara. Chini yake kuko shasi ya nguvu sawa ya kamio ndogo, na nyingi ziko na vitesi vya chini kwa matope. Kwa mchungaji wa kijiji ao mkulima wa kando ya mji, inafaa. Katika barabara ya kaboyo inakurusha kidogo. Daihatsu Terios, iliyoanza mwaka 1997, ni ndogo zaidi na inakunywa kidogo, lakini watu watano wakubwa watabanana.

Mbele ya kuchagua jina, fanya neno moja: pita kwa wauza-piesi na uulize bei ya vitu vinne vya ile motokari: amortiseri za mbele, kardani moja, plaketi za freni, na pompi ya esansi. Kama wanakuambia "tutaagiza", chagua nyingine. Motokari nzuri ni ile ambayo piesi yake inapatikana hapa kwetu.

SIKU YA KUANGALIA

Hapana kwenda peke yako, na hapana kwenda jioni. Nenda asubuhi na fundi wako, si fundi wa muuzaji, umlipe kwa siku ile hata kama haukununua. Komisyoneri atasema: "Papa, hii motokari haina mambo. Moteri iko nguvu. Ukichelewa, mwingine anabeba." Mjibu kwa heshima: "Abebe tu." Haraka haraka haina baraka.

Sema moteri isiwashwe mbele ya kufika kwako. Moteri iliyolala inasema ukweli. Ikiwaka, angalia moshi. Moshi wa bluu ni mafuta yanayochomwa. Moshi mweupe mwingi usioisha ni maji yanayoingia moteri. Fungua kifuniko cha mafuta ya moteri. Ukiona kitu cheupe sawa maziwa, maji na mafuta yamechanganyika. Rudi nyumbani.

Kiisha hesabu ya kilometa. Namba inaweza kurudishwa nyuma, lakini kiti na pedali haziwezi kudanganya. Kama namba inasema 70,000, na mpira wa pedali umelika, volan inateleza sawa sabuni, na kiti kimezama, basi macho yako yamekwisha kupata jibu.

Angalia mapine. Kwa upande wake kuko namba nne: mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka. 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019. Katika djipe ambayo miguu yote minne inafanya kazi pamoja, mapine yote manne yawe ya ukubwa moja na ya kulika sawasawa. La sivyo yatachosha vyuma vya katikati.

Inua tapi. Harufu ya uvundo, matope makavu katika pembe, kutu chini ya viti: ile motokari ililala ndani ya maji. Siku moja nyaya zake zitaoza na hakuna fundi atakayepata ugonjwa.

Mwishoni iendeshe mwenyewe. Mahali pa wazi, geuza volan mpaka mwisho na uende polepole. Ukisikia "ka-ka-ka", ni kardani. Ikishikwa na kurukaruka, ni vyuma vya miguu minne. Pita katika mashimo: milio ya chini ni rotili na amortiseri. Kamata freni kwa nguvu, isikuvute upande. Halafu isimame ikiwaka dakika 20, mshale wa joto usipande. Moto wa mwezi wa kumi hauna huruma kwa radiateri mbovu.

KARATASI

Hapa ndipo wengi wanalia. Namba ya shasi iliyopigwa katika chuma iwe ileile ya karte roze, herufi kwa herufi. Muuzaji aonyeshe kitambulisho chake. Jina lake liwe lile la karatasi. Kama si yeye, mwenye jina aje. Karatasi za duane ziwepo. Neno "tutamaliza duane nyuma" lina maana moja: wewe ndiye utakayemaliza. Barua ya kuuza iandikwe, itiwe sahihi na pande mbili na mashahidi, na ipelekwe mbele ya mtu wa serkali. Kiisha ubadilishe karte roze kwa jina lako, ulipe vinyeti kwa DRHKAT na asuransi. Shofere bila karatasi ni shamba la polisi wa rulaji: atalimwa kila asubuhi.

Wazee walisema: mali bila daftari huisha bila habari. Nunua kitabu kidogo, ukiweke ndani ya motokari. Andika kila litre, kila piesi, kila tarehe ya mafuta. Nyuma ya miezi sita kitabu kile kitakuambia kama djipe inatumikia jamaa, ao jamaa inatumikia djipe.

NENO KWA WAZAZI NA VIJANA

Papa, usifike na motokari kama kwa ajabu, bibi asijue kitu. Feza ya miaka 20 si yako peke yako. Ni ya mama aliyepika usiku ukienda zamu, na ya watoto walioishi bila baba nyumbani. Amueni pamoja. Mkubaliane pia mbele ya motokari kuingia uani: nani ataendesha? Nani atalipa esansi ya matanga ya ukoo? Maana mjomba atakuja, jirani atakuja, na kwaya itakuja. Kusaidia ni vizuri, lakini kusaidia bila mpango kutaua motokari na urafiki pamoja. Mkisema tangu mwanzo, "Kwa mgonjwa tunakwenda hata usiku, kwa safari nyingine tunagawa esansi," hakuna mtu atakayekasirika.

Nanyi vijana, mnaoanza kupata mshahara katika makampuni ya migodi: mkataba wa mwaka mmoja si mali. Rafiki akikuuliza sababu gani ungali unapanda taksibisi, usione haya. Mbele ya kununua, fanya jaribio hili kwa miezi sita: kila mwisho wa mwezi, weka kando feza ya litre 86, na feza kidogo ya garaji, kama vile motokari iko tayari. Ukiweza miezi sita bila kugusa na bila kukopa, unaweza kulisha djipe, na feza uliyoweka itakusaidia kuinunua. Ukishindwa mwezi wa pili, umejua bila hasara.

Jamaa waketi jioni moja, wajibu maswali haya kwa kalamu, si kwa mdomo:

1. Feza hii inarudi, ao inakuja mara moja?
2. Nani analipa esansi mwezi ambao mshahara umechelewa?
3. Sehemu 20 za garaji ziko wapi leo, na nani anazilinda?
4. Fundi wetu ni nani, na anasema nini juu ya motokari hii?
5. Jina katika karte roze ni la nani?
6. Tukikosa motokari hii, tunapoteza nini kweli?

Mara nyingi swali la sita ndilo linalofungua macho. Motokari nyingine itapita Kasumbalesa juma lijalo, na juma lingine tena. Dekonti ya baba haitapita mara ya pili.